Bei ya Mbwa wa Babu

11 Januari 1997

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zinakuja, lakini kwanza weka chini hicho kitambaa. Kosa wanalofanya karibu watu wote wakitaka kuuza picha ya zamani ni kuisafisha. Wanaona ni aibu kumwonyesha mnunuzi kitu chenye vumbi, kama vile kumkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiliwa. Unaniambia umeshapangusa kioo na sasa unataka kuipangusa na picha yenyewe. Usiiguse. Vumbi halijawahi kushusha bei ya picha kama maji ya sabuni yanavyoishusha.

Sasa, marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Mpangaji wa ghorofa ya juu amenunua tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, nao nusu tu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Mdogo wangu ana uvimbe tumboni. Daktari anasema unaweza kutolewa, ila ni kwenye hospitali kuu tu, na hospitali kuu haimlazi mtu kabla hajalipa. Mkakaa, mkavitazama vitu vyote vya nyumba hiyo kimoja kimoja, macho yakaishia ukutani kwa Mbwa wa babu. Unaniuliza, mimi niliyefanya kazi ya kutibu karatasi kwenye jumba la makumbusho mpaka nikastaafu, kama picha ile inaweza kumlipia mama yako hospitali.

Sijui bado. Anayekutajia bei kabla hajaiona karatasi ni mpiga ramli. Ninalojua ni hili: babu yako alikuwa mfagizi wa maktaba ya mwalimu mmoja mzee, na mzee yule alipofunga nyumba yake alimpa picha ile badala ya kiinua mgongo. Mimi na mama yako tumekua tukimtazama yule mbwa akinywa maji kando ya kinu kibovu. Tulikuwa tukigombana kama ameshashiba au bado. Nilipoondoka nyumbani sikuwa najua kwamba picha kama ile huchongwa kwanza kwenye sahani ya shaba, ikapakwa wino, ikakandamizwa kwenye karatasi iliyoloweshwa kidogo kwa mashine nzito. Sahani moja hutoa nakala nyingi. Za mwanzo ni tamu. Za mwisho hufifia, kwa sababu shaba nayo huchoka, kama kisu.

Usinitumie picha ya kamera. Kamera humwona mbwa, haioni karatasi. Nawe ni fundi cherehani, macho yako nayaamini zaidi. Nawa mikono, ikauke kabisa. Toa picha kwenye fremu, uilaze juu ya meza safi. Chukua kioo cha kukuzia, utazame manyoya ya mbwa: ukiona vitone vitone kama vya gazeti, tumekwisha, ni nakala ya kiwandani. Ukiona mistari, endelea. Pitisha ncha ya kidole kwenye karatasi nyeupe inayoizunguka picha, uniambie kama kuna bonde dogo, pale sahani ilipokandamiza. Halafu inyanyue dirishani mchana, jua likiwa nje, uniambie unaona nini ndani ya karatasi.

Mwambie mama yako asijitie wasiwasi. Mwambie pia kwamba mbwa hakuwa ameshiba.

Mjomba wako


2 Februari 1997

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti limepata nafuu na tarumbeta imepotea. Sisi tupo. Mama alikuwa na siku mbaya mbili tatu wiki iliyopita, kisha akaamka akataka uji na akaanza kuikosoa mikunjo ya pazia nililoshona, nikajua amerudi. Nimemsomea barua yako yote. Hapo pa mbwa kushiba akasema, "Huyo kaka yangu amezeeka lakini ubishi wake bado mchanga. Mwandikie kwamba Mbwa hajambo, mgonjwa ni mimi."

Nimefanya ulivyosema. Hakuna vitone. Ni mistari, mjomba, na ni myeusi kweli, mpaka chini ya tumbo la mbwa weusi huo umetoa kama ukungu laini, kama wino ulitaka kumwagika ukajizuia. Bonde lipo pande zote nne. Nimefumba macho nikalifuata kwa kidole mpaka nikarudi nilikoanzia. Nje ya bonde kuna nyeupe pana, upana wa vidole vyangu viwili, nayo haijakatwa. Kingo zake zina manyoyamanyoya kama kitambaa ambacho hakijapindwa.

Dirishani niliona vitu viwili. Kuna mistari myembamba iliyokaa karibukaribu, na mingine michache inayoikata, kama nyuzi za kitambaa, za urefu na za kukatiza. Halafu katikati, hapa ndipo nilipomwita mama, kuna kichwa cha mtu kilichofichwa ndani ya karatasi. Amevaa kofia ya ncha ncha yenye vijikengele. Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Miaka yote hiyo tumeishi na mtu ndani ya ukuta na hatukumjua.

Kuna madoa ya kahawia kwenye kona ya chini, kama mabaka ya uzee mkononi. Nyuma kuna ukurasa wa gazeti uliobanduka wenyewe.

Mjomba, sema ukweli. Daktari anasema tusivuke katikati ya mwaka. Baada ya hapo, alisema, hatakuwa na la kutushauri kuhusu kisu.

Mpwa wako


24 Februari 1997

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na mgonjwa namsalimu mara mbili. Huku baridi, lakini ndani ya nyumba kuna joto, na mpangaji wa juu ameujua wimbo wote sasa. Nilidhani ningefurahi.

Barua yako niliipeleka kwenye karakana yangu ya zamani pale makumbusho, ambako bado wananiruhusu kukaa kwenye kiti cha pembeni na kuwachosha vijana kwa maelezo. Niliwasomea hapo pa ukungu chini ya tumbo la mbwa. Wakaacha kazi. Nikueleze kwa nini. Fundi anapochonga shaba kwa sindano, kingo za mchoro huacha ukwaruzo mdogo wa chuma, kama unavyolima mfereji udongo ukabaki pembeni. Ukwaruzo ule hushika wino na kutoa weusi laini unaoonekana kama mahameli. Lakini hulika upesi mno. Nakala chache za kwanza huwa nao, kisha haupo tena. Nyie mnao. Kofia yenye kengele ni alama ya waliotengeneza karatasi, na inapatana na umri wa fundi tunayemdhania, aliyekufa karne tatu zilizopita. Nyeupe pana isiyokatwa ni jambo adimu, maana waliokuwa wakizimiliki picha hizi walipenda kuzikata ziingie kwenye albamu zao. Madoa ya kahawia hayanitishi, hayo yanatibika.

Sitakutajia bei. Wewe ni mtu wa kushona, unajua kwamba nguo haisifiwi ikiwa bado ina pini. Lakini nimezungumza na mnunuzi mmoja, mtu mkweli, mkavu kama mkate wa juzi. Nilimweleza akasema, "Niletee." Katika miaka yote niliyomjua alikuwa akisema, "Tutaona."

Kwa hiyo itume. Ilaze katikati ya karatasi nyeupe safi, kisha kati ya vibao viwili vyembamba, ufunge vizuri, uisajili posta. Ukingoja siku ya kwenda mjini, itunze: maadui zake ni jasho la mikono, unyevu na wadudu. Isishikweshikwe, isipate maji, isiliwe. Basi.

Msomee mama yako barua hii. Nataka alale vizuri leo.

Mjomba wako


25 Aprili 1997

Shikamoo mjomba,

Unisamehe kwa kukawia. Shule zilifunguliwa na kila mzazi akakumbuka sare siku ileile. Mvua nayo imetukalia. Duka la jirani limepakwa rangi ya kijani ambayo haipo hata kwenye majani, na mwenyewe anauliza kila mpita njia kama imempendeza.

Mama anakula kidogo. Ameshuka mwili. Nimempunguzia magauni mawili, na la tatu nimeliacha kwa sababu aliniona nikilipima akageuka ukutani.

Picha ipo. Imetunzwa. Posta sijafika bado, kama nilivyosema ni mvua na kazi. Mnunuzi asikate tamaa, au kama ana picha nyingine za kununua basi asitusubiri sisi, sijui. Mjomba, hivi wewe ukiwa karakana ulishawahi kukutana na kitu kikakushinda kabisa? Nauliza tu.

Mama amesema nimwachie nafasi nyuma ya karatasi akuandikie mwenyewe. Sijasoma alichoandika.

Mpwa wako

(Nyuma, kwa mkono wa mama)

Kaka, salamu. Mwandiko mbaya, usinicheke. Nimemtunza Mbwa kama ulivyoagiza. Jasho halimfikii, maji hayamfikii, na mdudu atavunjika meno. Hata uji nilimmwagia kwa bahati mbaya juzi, nikapangusa, hakuna lililomdhuru. Sasa anang'aa. Mimi dada yako.


9 Mei 1997

Mpwa wangu,

Salamu kwenu. Mimi mzima.

Nimesoma ya kwako, nikasoma ya mama yako. Uji unapomwagikia karatasi, karatasi hunywa. Haipanguswi. Niambie picha imewekwa ndani ya nini, imewekwaje na imewekwa na nani. Niambie kama ilivyo, hata kama ni kwa mstari mmoja.

Na umeuliza kama kitu kiliwahi kunishinda. Ndiyo.

Mjomba wako


30 Mei 1997

Shikamoo mjomba,

Sisi tupo. Mvua imekatika. Nimeianza barua hii mara nyingi, nikawa naishia kwenye hali ya hewa.

Unamjua mama. Alikuwa karani wa shule miaka yote ile, na kwake kitu cha thamani ni kitu kilichopigwa plastiki. Vyeti vyetu vya kuzaliwa amevipiga plastiki. Cheti chake cha ndoa pia, na leseni ya udereva ya marehemu baba, ambayo haitamwendesha mtu popote. Nilipomsomea barua yako ya Februari alikuwa akirudia maneno yako kama mtu anayejifunza sala: jasho, unyevu, wadudu. Nilimsikia akiyasema akiwa kitandani. Niliona yanamfariji, nikaacha.

Siku iliyofuata nilienda dukani kwangu kama kawaida. Mama akaamka, akavaa, mtu ambaye kwa wiki nzima alikuwa akishikiliwa kwenda chooni. Akaichukua picha, akaiviringisha ndani ya khanga safi, akamwomba jirani amshike mkono mpaka kwenye duka la vifaa vya ofisi. Haya yote nimeambiwa na jirani.

Mwenye duka akaipima, akasema, "Mama, hii ni pana, haiingii kwenye mashine."

Mama akamwambia, "Kata hizo nyeupe za pembeni, hazina kazi. Ila Mbwa usimguse."

"Una hakika, mama? Naona ni ya zamani."

"Ndiyo maana nimekuja. Kaka yangu ni mtaalamu wa vitu hivi. Ameagiza."

Akakata. Akaipitisha kwenye mashine ya moto, plastiki juu, plastiki chini. Jirani anasema mama alisimama muda wote hakukubali kiti, na ilipotoka upande wa pili ikiwa bado ina joto aliikumbatia.

Nilirudi jioni nikaikuta juu ya meza imeegemezwa kwenye birika. Akaniambia, "Haya, mwambie mjomba wako kazi imekwisha." Alikuwa ametoa jasho, anatabasamu. Mjomba, sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu aanze kuumwa. Nikasema, "Imependeza, mama." Nikaingia jikoni nikafungua bomba la maji ili asinisikie.

Nilijaribu. Usiku alipolala nilichukua wembe wangu wa kufumulia nikaanza kwenye kona, yenye yale madoa. Mshono mimi naweza kuufumua wowote. Plastiki ilipobanduka ilibanduka na ngozi ya karatasi, madoa na yote, ikabaki laini kama pamba. Nikaacha. Mama alipoiona kona ile nikamwambia ni panya amejaribu akashindwa. Akafurahi zaidi.

Daktari nimemwona juzi. Anasema hatungoji tena hadi katikati ya mwaka. Ni wiki hizi, au basi. Kuna dawa kali ya maumivu anayoweza kumpa, ya kunywa nyumbani, lakini mama haitaki. Anasema hiyo ni ya watu wasio na safari, yeye ana safari ya hospitali kuu na hataki kwenda kwenye kisu amelewa. Kwa hiyo anavumilia. Anauma ncha ya mto. Kila asubuhi ananiuliza, "Kaka amesemaje?"

Niambie kama inafumulika. Na kama haifumuliki, niambie ilikuwa na bei gani. Nataka kujua tulikuwa tumeshika nini.

Mpwa wako


14 Juni 1997

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nakusalimu wewe peke yako leo, kwa sababu barua hii si ya kumsomea mama yako. Mimi mzima. Mpangaji wa juu amehama na tarumbeta yake, na ukimya wake ni mbaya zaidi.

Nakujibu kwa mpangilio, maana ndivyo ninavyojua kufanya jambo zito.

Haifumuliki. Plastiki ile ina gundi inayoyeyuka kwa moto, na rola huikandamiza ikaingia kati ya nyuzi za karatasi, kama mafuta ya taa yanavyoingia kwenye utambi. Zipo dawa zinazoweza kuilegeza. Nimewahi kuona ikijaribiwa, na karakana yangu ingeweza kuitoa sehemu fulani kwa miezi mingi. Lakini nyeupe zimekwisha katwa. Na lile bonde ulilolifuata ukiwa umefumba macho halipo tena. Rola zile zimelilaza. Ukungu chini ya tumbo la mbwa sasa uko chini ya gundi. Hata tungeitoa plastiki yote, mnunuzi angepewa kivuli. Nilikwenda kwake mwenyewe, sikutaka asikie kwa simu. Nilipomweleza aliniuliza, "Dada yako anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Asijue." Akanisindikiza mpaka chini ya ngazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Umeuliza bei. Maisha yangu yote watu wamekuwa wakiniuliza swali hilo, nami nikijibu "sijui" pale nisipojua. Hili nalijua, na sitakujibu. Usiniandikie tena kuliuliza. Jibu ungelibeba kila ukipita mbele ya duka lile, kila ukimwona yule mwenye duka, ambaye hana kosa, na kila ukimtazama mama yako. Mimi ni mzee, na mzigo huu unatosha mgongo mmoja.

Nilichonacho nimekituma kwa njia ya benki. Nimeuza vifaa vyangu vya kazi, na saa. Kinatosha dawa, chakula na mtu wa kukusaidia kumgeuza usiku. Upasuaji hakitoshi, wala hakikaribii. Nimewaandikia wote ninaowajua. Wawili wamejibu kwa maneno mazuri.

Najua unawaza kuuza cherehani. Usiuze. Bei yake haitafika kwenye upasuaji, na baadaye utahitaji kula.

Sasa kuhusu mama yako. Akikuuliza kaka amesemaje, mwambie nimesema Mbwa ni halisi. Mwambie ni ya nakala za kwanza kabisa, na kwamba vijana wa karakana waliacha kazi kusikiliza habari zake. Mwambie baba yetu hakudanganywa. Alipewa kitu cha kweli, na yule mwalimu alimheshimu. Hayo yote ni kweli, unaweza kuyasema ukimtazama machoni. Akiuliza mbona basi haiuzwi, mwambie mimi nimekataa. Mwambie nimesema mali ya baba haitoki kwenye ukoo nikiwa hai. Atanikasirikia sana. Atasema nimemwacha kwa sababu ya picha. Mwache aseme, na wewe usinitetee. Mtu akiwa na hasira na kaka yake hajilaumu mwenyewe, na kunikasirikia mimi amezoea tangu utoto.

Safari ya hospitali kuu haipo tena, mwanangu. Hilo nimelizungukazunguka kwa maelezo yote haya. Halipo la kufanya kwa picha wala kwa uvimbe. Limebaki lile la maumivu, na hilo daktari wenu anaweza kulitibu, kama mngemruhusu.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu uende kwa daktari leo, uchukue ile dawa kali, umpe mama yako kabla hajalala.

Mjomba wako